Mnong'ono wa Kwanza

Siku ya tatu baada ya arobaini ya mdogo wangu, mjukuu wangu Zuhura aliniletea daftari lake la Kiswahili. Nyumba ilikuwa imeanza kunyamaza. Masufuria ya watu yalikwisha rudishwa kwa wenyewe, mikeka imekunjwa, na mimi nilikaa barazani nikichambua karanga ambazo hata sikuwa na haja nazo. Alisimama mbali kidogo, karibu na nguzo, kichwa chake kichaka kitupu, maana tangu msiba uanze alikataa nimsuke. Nilidhani ni majonzi, nikamwacha.

"Bibi, mwalimu ametupa maneno kumi. Tutoe maana, halafu tutunge sentensi. Tisa nimemaliza."

"Na la kumi?"

"Mnong'ono."

Nikamwambia maana yake ni sauti ya chini, sauti ya mtu anayesema bila kutaka wa pembeni asikie. Akaandika upesi, ulimi nje. Kisha akainua kalamu akingoja sentensi, kwa kuwa ananijua sipungukiwi maneno. Sentensi haikuja. Mimi niliyelea watoto sita, niliyegombana na wauza samaki wa migebuka wote wa soko hili mpaka wananiita kwa jina, nikakosa sentensi moja ya mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia aende akacheze, nitamwita. Akaenda upesi mno, kama aliyefunguliwa.

Nyumba yetu ni ile ile niliyozaliwa. Wa rika langu mnazikumbuka nyumba hizi za zamani za Tabora: udongo uliopakwa chokaa, bati lenye kutu, na kuta za vyumba zisizofika juu. Ziliishia pale mtu mrefu anapoweza kugusa kwa mkono, na baina ya ukuta na kenchi ilibaki nafasi ambamo popo na maneno vilipita bila hodi. Aliyepiga chafya chumba cha mbele aliombewa afya na wa chumba cha uani. Kwa hiyo watu wazima wakiwa na lao walinong'ona, na mimi kitandani nilisikia sauti isiyo na maneno ikipanda ukuta wao na kushuka upande wangu.

Na miaka ile minong'ono ilikuwa mingi. Redio ilisema kwa sauti kubwa, watu wakajibu kwa sauti ndogo. Watu wazima walinong'ona sukari ilipoadimika, walinong'ona nani kapangiwa kuhamia wapi, wakanyamaza mtoto akiingia. Mtoto hapendi kufichwa. Akifichwa maana, hujitengenezea yake, na mimi nilikuwa fundi wa kutengeneza.

Wa kwanza kuchukuliwa na mnong'ono alikuwa rafiki yangu Shirini. Baba yake alikuwa na duka upande wa pili wa barabara, duka la kanga na viberiti na mafuta ya taa, na nyuma yake kulikuwa na stoo tuliyoifanya nyumba yetu, tukapikia humo mchanga na kulaza watoto wetu wa magunzi. Siku moja niliingia nikawakuta baba na mama yake nyuma ya pazia wananong'ona kwa Kikachi, lugha yao ya Kihindi. Mama yake aliponiona alinyamaza, akanipa biskuti mbili badala ya moja. Nilikula, nikafurahi. Wiki haikuisha, duka likafungwa kwa kufuli kubwa, na Mama akasema wamepanda treni ya Dar es Salaam na huko watapanda ndege. Shirini hakuja hata kuniaga. Ile biskuti ya pili ilinikaa rohoni muda mrefu.

Wa pili ilikuwa nyumba ya Bibi, mama yake Mama. Bibi alikuwa na kaya yake upande wa kwenda Ulyankulu, na mizinga ya magome juu ya miti, na shamba la karanga nililokuwa nikipelekwa wakati wa likizo. Usiku kadhaa Baba na Mama walinong'ona, na katika mnong'ono ule nilidaka jina la Bibi na neno "malori." Baadaye Bibi akaletwa kwetu na gari la shirika la reli alikofanya kazi Baba, amekaa juu ya kitanda chake mwenyewe kilichofungwa kamba. Watu wa kwao walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba kwa mistari, na yake ilikwisha ezuliwa paa. Alishuka na jiwe lake dogo la kusagia limefungwa kangani. Nilimkimbilia, "Shikamoo Bibi!" Akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa yakitafuta kitu nyuma yangu.

Hakukaa sana. Hakuugua kwa jina lolote ninalolijua. Alikuwa akikaa uani asubuhi, mkono mmoja juu ya jiwe lile, anaangalia ukuta wa jirani, na ukimsalimu anaitikia kwa Kinyamwezi hata kama umemsalimu kwa Kiswahili. Mama, mwenye mimba kubwa wakati huo, alimlisha uji kwa kijiko. Ndipo alipoanza kuja Babu Fundi kila jioni.

Babu Fundi alikuwa ndugu yake Bibi, wa tumbo moja. Alikuwa fundi bati. Alikaa kwenye kibanda chake karibu na soko akikata makopo na kuyageuza koroboi, mitungi ya kumwagilia, na vibuyu vya mafuta. Alinuka moshi wa ule utomvu mkavu anaoupaka kwenye bati kabla ya kulehemu, ambao ukiungua hunukia karibu na ubani. Mimi alinitania kama babu anavyomtania mjukuu: mimi ni mchumba wake, sijui kupika, atanirudisha kwetu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote mwenye ndevu. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo na ya chini, na mtaa mzima ukiwa na mgonjwa mahututi ulimwita yeye.

Alasiri ya mwisho ya Bibi nilitumwa nje na watoto wenzangu. "Nendeni mkacheze," ile kauli ambayo haijawahi kumfikisha mtoto mbali. Nilizunguka nyuma, nikapanda juu ya kinu, nikachungulia dirishani. Bibi alikuwa amelazwa chali, uso umeelekezwa kibla, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Babu Fundi alipiga magoti kando yake. Akainama, akainama zaidi, mpaka midomo yake ikagusa sikio lake. Akanong'ona. Sikupata neno hata moja, nilisikia mkwaruzo tu. Kidole cha Bibi kikanyanyuka kidogo juu ya shuka. Babu akanong'ona tena. Kifua kikashuka, na hakikupanda.

Babu akamfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama mtu aliyezoea kazi yake. Nilishuka kwenye kinu.

Jioni yake nilimuuliza Mama, "Babu amemfanya nini Bibi?" Mama alikuwa na macho yaliyovimba. Akasema, "Amemsindikiza, mwanangu." Kwetu sisi, mgeni husindikizwa baada ya mwenyeji kumtoa nje ya mlango. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Shirini alinong'onewa akatoka. Nyumba ya Bibi ilinong'onewa ikatoka. Bibi mwenyewe alikuwa hai, nimemwona, akanong'onewa sikioni na mtu ninayempenda, akatoka. Tangu siku hiyo Babu Fundi akija nilijificha chini ya kitanda. Nililala nimejifunga kanga kichwani, masikio ndani. Alipouliza mchumba wake yuko wapi, Mama alimwambia, "Ana huzuni ya bibi yake, mwache." Akaniacha. Najua sasa ilituuma mimi na yeye vile vile.

Mdogo wangu alizaliwa kabla siku zake hazijatimia, Alhamisi asubuhi, Baba akiwa kazini Kigoma. Hapakuwa na muda wa kufika hospitali. Bi Mwanne, mkunga jirani yetu, aliingia na beseni lake akafunga mlango, nami nikakaa nje ya mlango nikihesabu vilio vya Mama mpaka kikaja kilio kingine, chembamba. Bi Mwanne akatoka ananuka damu na sabuni ya kipande, akanikabidhi kifurushi cha kanga. "Mshike mdogo wako, Mwamvua. Usimwangushe. Mama yako bado ninaye." Akarudi ndani.

Alikuwa mwekundu, amekunja uso kama mzee aliyeuziwa dawa mbovu. Mzito kidogo kuliko paka. Nilipoingiza kidole changu mkononi mwake akakishika. Sijawahi kupewa kitu na mtu yeyote ambacho kilikuwa changu namna ile. Nilikuwa bado nimekaa hivyo ndipo Babu Fundi alipoingia uani, miguu inachuruzika maji ya udhu, anacheka meno yote.

"Alhamdulillahi! Mlete huyo mgeni, mchumba. Nina maneno yake ya sikioni."

Akanyoosha mikono, na uso wake ukaanza kushuka.

Nilikimbia. Nilipita mlango wa uani, nikavuka barabara bila kutazama, nyuma yangu Babu anaita, "Mwamvua! Mwamvua, mtoto huyo!" Nilikwenda mahali pekee nilipopajua pa kujificha. Mlango wa nyuma wa stoo ya kina Shirini ulikuwa umeoza chini, ubao mmoja tuliuzoea kuusukuma. Nikapenya na mtoto kifuani. Ndani kulikuwa giza na joto, na harufu ya magunia ya zamani, na harufu nyingine tamu ambayo haikuwapo zamani. Nikajibanza pembeni. Nikashusha pumzi.

Kisha nikasikia. Stoo nzima ilikuwa inanong'ona.

Haikutoka sehemu moja. Ilitoka ukutani, ilitoka darini, sauti ya chini isiyo na maneno, isiyovuta pumzi. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia usiku ikipita juu ya ukuta wetu, sasa imekuja yenyewe bila watu. Niliamini mnong'ono umenifuata. Umejua nimemwiba mtoto wake, umekuja kumchukua. Sikuwa na mkono wa tatu wa kuziba masikio ya mdogo wangu, basi nikafanya nililoweza: nikaweka mdomo wangu kwenye sikio lake la kulia, nikalijaza sauti yangu ili ile nyingine isipate pa kuingia. "Usiende," nikamwambia. "Usiende. Usiende. Usiende popote." Sijui mara ngapi. Mpaka ulimi ukakauka.

Mwanga ukaingia chini ya mlango, ubao ukasogezwa, na kichwa cha Babu Fundi kikatokea. Alifungua kinywa kuniita, kisha akakifunga. Alitazama juu. Nami nikatazama alikotazama, na macho yakiwa yamekwisha zoea giza nikaona boriti ya kati imevaa kitu cheusi kinachotembea, kirefu kama mkono wa mtu. Nyuki. Walikuwa wamehamia nyumba iliyohamwa, na sisi tulikuwa chini yao kabisa, na mtoto bado ananuka damu ya uzazi. Mmoja alikwisha tua kwenye kanga yake.

Babu hakupiga kelele. Kelele ingetumaliza. Alishusha sauti yake mpaka ikawa mkwaruzo mtupu, ile ile ya siku ya Bibi, akaninong'oneza.

"Mwamvua. Mke wangu. Simama polepole. Njoo kwangu."

Nikatikisa kichwa.

"Usikimbie, usimpungie mkono huyo aliyetua. Njoo."

"Utamnong'oneza," nikasema. Machozi yalikuwa yananitiririka. "Ulimnong'oneza Bibi akafa."

Juu yetu nyuki waliendelea na lao. Sijasahau uso wake ulivyokuwa katika ule mstari wa mwanga. Nilimwona akielewa yote kwa pamoja: kitanda nilichojificha chini yake, kanga niliyojifunga masikioni. Mtu mwingine angenivuta mkono. Yeye aliingiza mwili wake wote ndani kwa tumbo, taratibu, akaketi sakafuni hatua mbili kutoka kwangu.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ile ile. "Babu yangu mimi alikuwa pagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu. Aliyechoka njiani, mzigo wake waligawana, yeye aliachwa kando ya njia. Hapana wa kumsubiri. Basi babu yangu alikuwa akibaki nyuma kidogo. Anainama, anamwambia maneno sikioni ili asiwe peke yake, kisha anakimbia kuwafuata wenzake. Bibi yako alikuwa amekwisha kuanza safari, mwanangu. Mimi nilibaki nyuma naye kidogo tu."

"Ulimwambia nini?"

"Shahada. Na haya ya leo, njoo nikwambie wewe kwanza. Kabla ya mtoto. Ukiona unakufa, unipige kofi."

Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni lile kofi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniruhusu. Nikajisogeza kwa makalio, mtoto kifuani, nikamtegea sikio huku mkono nimeuweka tayari. Moshi wa utomvu, ndevu zinanichoma shingoni. Akanong'ona. Ilikuwa adhana. Ile ile inayopigwa msikitini mara tano kila siku, ninayoijua tangu sijui kutembea, imefanywa ndogo ikatosha sikio moja. Nilingoja nife. Sikufa.

Akatutoa kwa zamu, mtoto kwanza, kisha mimi, na yeye wa mwisho. Nje, chini ya jua, alimwadhinia mdogo wangu sikio la kulia na kumsomea ikama sikio la kushoto, nami nimemshika kanzu. Alikuwa ameumwa mara tano, mbili kwenye kope, na hakutoa hata guno. Siku ya saba, siku ya jina, alihudhuria na jicho moja limefumba, akimwambia kila mtu kwamba ni mchumba wake aliyempiga.

Ingeishia hapo kama si ulimi wa Bi Mwanne. Yeye aliponihoji siku ile ile, nilimweleza kila kitu, kwa kujisifu. Akaacha kukamua kitambaa. "Kwa hiyo adhana haikuwa ya kwanza," akasema. "Neno la kwanza kumwingia huyu mtoto ni lako. Na ulimwambia usiende popote." Akatikisa kichwa. "Haya. Tutaona."

Tukaona. Tulimwita Hamisi kwa siku aliyozaliwa, akakua mtoto wa kucheka, na hakwenda popote. Alipata nafasi ya sekondari Iringa. Siku ya kuondoka homa ikamshika kwenye benchi la stesheni, treni ikaondoka na sanduku lake. Baba akamtafutia kazi ya reli Kigoma; alirudi kutoka jukwaani na tikiti mkononi, akasema, "Miguu imekataa." Mara moja tu alisafiri, mazikoni Bukene, akarudi na treni ya kwanza kabla hata ya kula. Mwisho alikaa kwenye kibanda cha Babu Fundi, akarithi nyundo zake na harufu yake. Mimi ndiye niliyeondoka. Niliolewa Dodoma, nikakaa huko miaka, nikarudi mjane. Kila nilipokuja likizo alinisindikiza stesheni, akasimama jukwaani mpaka treni ipotee, na mimi dirishani nilikuwa nikijiuliza angekuwa nani huko mbele kama ningenyamaza.

Alijua. Bi Mwanne hakuwa mtu wa kufa na siri. "Dada," aliniambia mara nyingi, akipuliza mkaa, "wewe ndiye uliyenipigilia msumari." Alicheka. Mimi sikucheka hata siku moja. Mtaniambia ni ushirikina, homa ni homa, na vijana wengi huogopa kwenda mbali. Najua. Hata mimi nimewahi kujiambia hayo, mchana, watu wakiwepo.

Mwaka huu ini lake lilimlaza. Hospitali walimrudisha nyumbani, nikaelewa. Akalazwa chumba kile kile cha Bibi. Shehe alikuja akamtamkisha shahada, kidole kikanyanyuka, watu wakajiandaa. Hakwenda. Siku ya pili akatamkishwa tena. Hakwenda. Alikuwa mifupa na macho, na pumzi inayokwaruza kama msumeno, na macho yale hayakutazama mtu mwingine ila mimi. Juu ya ukuta usiofika paa niliwasikia wanawake uani wananong'ona. Safari hii maneno niliyapata yote. "Kuna kitu kinamshika," walisema. "Kuna mtu hajamwachia."

Nikawatoa watu chumbani. Nilipiga magoti kwa shida, magoti yenyewe haya. Nikainama mpaka kwenye sikio lake la kulia, lile lile. Alinuka dawa, na chini ya dawa alinuka utomvu.

"Hamisi," nikamwambia. "Ni mimi, Mwamvua. Nilikwambia usiende, ukanitii. Umenitii vya kutosha, mdogo wangu. Sasa nenda. Nimekupa ruhusa. Nenda."

Kisha nikamnong'oneza shahada, yote, mpaka mwisho. Pumzi ikatoka ndefu. Nikangoja nyingine, haikuja. Nikamfumba macho kwa mkono wangu, na nilipogeuka kutafuta kitambaa, nikaona mlango uko wazi kiasi cha kiganja, na kando yake kipande cha sketi ya shule kikiondoka upesi. Sikukitilia maanani. Nilikuwa na maiti.

Haya yote nilikuwa nayo barazani na karanga zangu, nikitafuta sentensi. Ndipo kile kipande cha sketi kiliponirudia. Nikakumbuka nguzo, na Zuhura kusimama mbali. Nikakumbuka siku arobaini bila kusukwa, maana msusi lazima aweke uso karibu na sikio. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi tangu msiba namkuta amelala amejifunga kanga kichwa kizima, na mimi mwenyewe namwambia mama yake kwenye simu, ni baridi. Mtu mzima ovyo! Nilikuwa nimeiona kanga hiyo zamani sana, juu ya kichwa changu.

Nikamwita. Akaja, akashika nguzo.

"Zuhura. Ulichungulia siku ya Babu Hamisi?"

Akatazama vidole vya miguu. "Ulimwambia nini, Bibi?"

"Nilimwambia anaweza kwenda. Alikuwa amechoka, na alikuwa ananisubiri mimi niseme."

"Ndiyo akafa?"

"Alikuwa njiani tayari. Mimi nilibaki naye nyuma kidogo." Nilitamani kusema zaidi. Sikuwa na moshi wala ndevu, wala nyuki wa kunisaidia. Nikafanya kama nilivyofanyiwa, ila kwa kugeuza. Nikafungua mtandio, nikautoa upande wa sikio, nikamtegea. "Haya. Leo ninong'oneze wewe mimi. Sema lolote."

Akaiachia nguzo kidole kimoja kimoja. Kisha nikasikia nyayo zake. Pumzi yake ilikuwa ya moto, inanukia mapera. Alishika shingo yangu kwa mikono miwili, akaweka mdomo sikioni, na mtoto ambaye sijawahi kumsimulia habari za stoo ya kina Shirini akasema:

"Bibi, usiende."

Jioni ile nilimsuka, mistari minane, mpaka giza likatukuta. Sentensi tulisahau kuiandika. Mwalimu alimpa tisa kwa kumi.